Saa nyembamba za zamani: mambo ya kujua kabla ya kuvuka mpaka

Ukitaja rolex chini ya kilima cha Naguru, Kampala, utaletewa chapati iliyoviringishwa na mayai. Anayetaka saa ya Uswisi ya zamani, tena nyembamba, kwa kawaida huiagiza Nairobi, Dubai au Ulaya, na hapo ndipo hesabu huanza.

Mwaka 1955 Vacheron Constantin ilitoa mtambo 1003 wa kutia ufunguo kwa mkono, wenye unene wa milimita 1.64. Piaget ikafuata na 9P mwaka 1957, milimita 2, na 12P mwaka 1960, unaojitia ufunguo wenyewe, milimita 2.3. Mwishoni mwa 1969 Seiko ya Japani ikaleta saa ya kwatzi, na katika miaka iliyofuata karakana nyingi za Uswisi zikafungwa.

Bei hutegemea zaidi hali ya saa kuliko jina. Uso uliopakwa rangi upya hushusha thamani. Kasha la dhahabu lililosuguliwa mara kwa mara huliwa kingo, na kwenye saa nyembamba hakuna dhahabu ya kupoteza. Muuzaji asiyetaka kutoa picha ya mtambo na namba yake ni wa kuachwa.

Forodha huiweka saa yenye kasha la dhahabu katika kifungu 9101, nyingine nyingi za mkononi 9102. Wengi hujikwaa kwenye cheti rahisi cha uasilia, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Hakiwahusu. Saa iliyonunuliwa Nairobi bado ni ya Uswisi. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. VAT ya Uganda, asilimia 18, hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, hivyo ankara halisi isipotee. Mfanyabiashara anayeingiza saa zenye mikanda ya ngozi ya mamba aulizie pia vibali vya CITES.

Saa ya unene huu si ya kupandia bodaboda wala ya kunyeshewa mvua. Kifuniko cha nyuma kikibonyea kidogo tu, hugusa mtambo. Ikilazimu kuipeleka nje kwa fundi, ipatiwe kwanza hati ya forodha ya kutoka kwa muda. Bila hiyo, ikirudi inaweza kutozwa ushuru kama saa iliyonunuliwa upya.