Maumivu ya kifua: alama 2 za maneno ya mgonjwa

Leo tuongee historia kidogo, juu nasikia wengi wanasema eti bila mashini munganga hana kazi. Mimi ninauliza: mgonjwa akifika na maumivu ya kifua, munganga anaanzia wapi?

Mwaka 1768, kule London, daktari William Heberden aliwaeleza wenzake maumivu fulani: yanabana kifua mtu akitembea, zaidi akipanda mlima au akiwa ametoka kula, na akisimama tu yanaisha. Mashini hakuwa nayo hata moja. Hata kile kifaa cha kusikilizia kifua kilikuwa bado. Laennec alikivumbua Paris mwaka 1816. Heberden aliuliza, akasikiliza, akalinganisha. Jina alilotoa, angina, linatumika mpaka leo.

Mashini zilifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mholanzi Willem Einthoven aliandika umeme wa moyo katika mji wa Leiden. Mashini yake ilikuwa kubwa sana, haikuweza kupelekwa kwa mgonjwa. Mwaka 1905 ilibidi waya utoke hospitali mpaka maabara yake, kama kilomita moja na nusu. Miaka ya 1990 ikaleta troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia.

Sasa angalieni hii. Mwaka 2008 madaktari wa Uholanzi walitoa hesabu inayoitwa HEART, kwa ajili ya idara za dharura. Iko na mambo 5: maelezo ya mgonjwa, elektrokadiogramu, umri, hatari kama ugonjwa wa sukari na tumbaku, na troponini. Kila moja inapewa alama 0 mpaka 2. Ni kusema, maneno ya mgonjwa yanaweza kupata alama sawasawa na damu yake!

Lakini tusijidanganye, masikio peke yake hayatoshi. Kwa wanawake, wazee na wagonjwa wa sukari, mshipa wa moyo unaweza kuziba bila kifua kuuma sana: pumzi inakatika, jasho linatoka, moyo unachafuka, na watu wanasema ni gastriti tu. Ndiyo maana elektrokadiogramu inatakiwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Tuidai kwa kila hospitali yetu.

Ila ninyi mtakaotumwa kule mashini hazijafika, alama 2 za kwanza tayari mnazo. Ulizeni: yalianza ukifanya nini? Yanaenda mkononi, ao kwenye taya? Ukipumzika yanaisha? Kisha mnyamaze, mumusikilize.