Siri Haimlindi Fundi Hodari: Hoja ya Kufundisha Bure Ufundi wa Kompyuta kwa Video

Kompyuta mpakato ilikuwa haiwaki. Fundi mmoja wa Kariakoo alikwisha kuipima chaja kwa mita na kupata volti 19 kamili, hivyo akajua kosa liko kwenye mazabodi. Alipeleka umeme wa volti 1 kwenye njia aliyoishuku, akapaka spiriti juu ya ubao, kisha akainama kutazama. Spiriti ilibaki imetanda kote isipokuwa juu ya kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele, ambako ilikauka mara moja kwa joto. "Hii ndiyo iliyopiga shoti," akasema. Akaing'oa, akawasha, mashine ikaamka.

Nilimshauri airekodi kazi ile na kuiweka mtandaoni ili wengine wajifunze. Akatikisa kichwa: "Mwalimu, hili nikimwonyesha kila mtu, wanangu watakula nini?"

Swali lake ni la haki, na halijibiki kwa mahubiri ya ukarimu. Ufundi ndio shamba lake. Hata hivyo, makala haya yanatetea kwamba fundi wa kompyuta anapaswa kufundisha bure mtandaoni, na kwamba sababu kubwa ya kufanya hivyo imo katika maslahi yake mwenyewe. Siri haimlindi fundi hodari, inamlinda mbabaishaji.

Nani hufaidika na siri?

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kulitofautisha gari zima na bovu, hukataa kulipa bei ya gari zima. Wenye magari mazima hujitoa sokoni, yakabaki mabovu. Hali hiyo inafanana sana na iliyopo kwenye meza za mafundi wetu. Mteja huacha mashine asubuhi, huirudia jioni, na hajui kilichofanyika katikati. Huogopa kwamba ramu yake itabadilishwa, au kwamba ataambiwa "mazabodi imekufa" ilhali kilichoungua ni fyuzi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa ninunue mazabodi nyingine. Fundi wa pili akagundua kwamba tundu la chaja ndilo lililolegea. Tangu siku ile nikawa nabishana bei na kila fundi, hata yule asiyenikosea lolote. Hivyo ndivyo mwaminifu anavyolipishwa deni la mlaghai.

Video hupunguza deni hilo. Mteja aliyeona jinsi kosa linavyotafutwa huja dukani na maswali: umepima nini, umepata ngapi, kijenzi kilichotolewa kiko wapi? Mbabaishaji hawezi kuyastahimili maswali hayo. Fundi hodari ana majibu, na sasa amepata mtu wa kuyathamini.

Kisichobebwa na video

Katika kijiji cha Matondoni, Lamu, majahazi yameundwa kwa vizazi vingi kwa jicho na mkono, bila michoro ya karatasi. Mwanafalsafa Michael Polanyi, katika kitabu chake The Tacit Dimension cha mwaka 1966, aliujengea nadharia ujuzi wa namna hii: ule ambao mwenye nao huutumia vyema lakini hawezi kuumaliza kwa maneno. Mgeni anaweza kutazama uundaji wa jahazi mwezi mzima na asiweze kuunda hata ngalawa.

Ufundi wa kompyuta nao una sehemu hiyo. Mbinu ya spiriti inaelezeka kwa sentensi moja. Kujua volti ngapi zipelekwe njia ipi ni kazi nyingine: njia inayolisha prosesa hutumia takriban volti 1, na atakayeipelekea 5 ataua kilichokuwa kizima. Juu ya hapo kuna dhamana. Aliyejiharibia mashine mwenyewe hana wa kumdai, ila aliyemkabidhi fundi ana mtu wa kumrudia. Uwajibikaji huo ndio bidhaa halisi ya dukani, na hakuna awezaye kuupakua kwenye simu.

Uzoefu wa wengine unaliunga mkono jambo hili. Louis Rossmann alirekodi kwa miaka mingi jinsi anavyotengeneza mazabodi za MacBook katika duka lake jijini New York, hatua kwa hatua. Wafuatiliaji wake walipita milioni moja, na biashara yake ikazidi kujulikana. Kampuni ya iFixit, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Kyle Wiens na Luke Soules walipokuwa wanafunzi huko California, hutoa miongozo bure na kujipatia kipato kwa kuuza vipuri na zana.

Mifano hii isimdanganye fundi wa Dar es Salaam kwamba matangazo yatamlisha. Mwaka 2018 YouTube iliweka sharti la wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya mtu kupata mgao wa matangazo. Fundi asiyefika huko ana faida nyingine: kujulikana kwa kazi yake kabla mteja hajabisha hodi.

Masharti ya kufundisha

Wapo wanaopinga kwa hoja ya usalama, na hoja yao ina uzito. Kapasita za pawasaplai ya kompyuta ya mezani huweza kubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa huweza kuwaka moto. Diski inayogonga, ikiwashwa tena na tena, huweza kupoteza picha na nyaraka zilizokuwa bado zinaokoleka. Tena yupo kijana anayetazama video mbili na kuanza kufanyia majaribio mashine za watu.

Dawa ya hatari hizi ni kufundisha kwa ukamilifu. Anayerekodi aonyeshe upimaji kabla ya ufunguaji, aseme wazi hatua ambayo mtazamaji asiye na zana anapaswa kuacha, wala asikate sehemu aliyokosea. Video inayoonyesha mafanikio matupu humfanya mtazamaji aamini kwamba kazi ni rahisi, nao huo ni udanganyifu. Aidha, mbinu za kufungua mashine zilizofungwa kwa nywila zisitolewe hadharani, kwa kuwa anayezihitaji kihalali anaweza kuja na uthibitisho wa umiliki.

Kwa Kiswahili

Mwanagenzi wa Kigoma au Bukavu anayetaka kujifunza leo hukutana kwanza na video za Kiingereza na Kihindi. Huiga mkono bila kuelewa sababu, na sababu ndiyo ufundi wenyewe. Mafundi wetu wanayo tayari lugha ya kazi: imepiga shoti, haishiki chaji, kioo kimekufa, piga windo upya. Maneno haya yamezaliwa mezani, na wanaisimu tungefanya vyema kuyasikiliza kabla ya kusanifu istilahi ofisini. Kila video ya Kiswahili ni somo kwa mwanagenzi na hazina kwa lugha. Iwe fupi tu, kwa kuwa kinachoitwa bure hulipiwa bando na mtazamaji.

Lipo pia suala la taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima zitaitwa mbovu kwa sababu hiyo. Anayemfundisha jirani kuongeza ramu au kubadili diski anaizuia mashine moja isifike jalalani.

Hitimisho

Narudi kwa fundi wangu na wanawe. Mtu atakayeiona spiriti ikikauka kwenye simu yake atatambua mambo mawili: kwamba kosa lilikuwa la kapasita moja, na kwamba mkono wake mwenyewe hauwezi kuing'oa bila kuunguza za jirani. Atafunga kompyuta yake, atapanda daladala hadi Kariakoo, na kumwulizia yule aliyemweleza ukweli kabla hajamdai shilingi. Wana wa fundi watakula kwa mkono wa mteja huyo.