James MacMillan: kutoka fanfari ya wachimba makaa hadi mazishi ya malkia

James MacMillan ni mtunzi wa muziki wa orkestra na wa kwaya, mtu wa Uskoti, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa tarehe 16 Julai 1959 kule Kilwinning, akakulia Cumnock, mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe. Babu yake alikuwa mchimbaji, tena alipuliza chombo katika fanfari ya mgodi. Ni yeye alimupatia mjukuu tarumbeta ya kwanza. Kijana akasoma muziki Edinburgh, kisha Durham, ambako alipata udaktari mwaka wa 1987.

Jina lake lilivuma tarehe 22 Agosti 1990, London, katika jumba la Royal Albert Hall. Siku ile orkestra ilipiga The Confession of Isobel Gowdie. Isobel Gowdie alikuwa mwanamke wa Uskoti ambaye mwaka wa 1662 alikiri mbele ya wakubwa wa kanisa na wa serikali kwamba yeye ni mchawi. Nyakati zile Uskoti iliua watu wengi kwa tuhuma kama hizo, zaidi wanawake, na kuna walioteswa mpaka wakakubali. Hapa kwetu habari hiyo haiombi maelezo marefu. MacMillan alisema muziki huu ni misa ya wafu ambayo mama huyo hakupata. Hakuna anayeimba. Vinanda vya nyuzi vinaanza pole pole, kama watu wanaosali kwa sauti ya chini. Katikati inakuwa fujo, orkestra nzima inapiga mapigo makali yanayorudi-rudi. Mwishoni inabaki noti moja tu, na hiyo noti inakua mpaka inajaza nyumba nzima.

Miaka miwili mbele, mwaka wa 1988, alikuwa ametunga Búsqueda. Ndani yake alichanganya maneno ya misa ya Kilatini na mashairi ya akina mama wa Argentina waliokuwa wanatafuta watoto wao waliopotezwa na utawala wa kijeshi.

Yeye ni Mkatoliki na hafichi. Mwaka wa 1999, katika hotuba kule Edinburgh, alisema wazi kwamba Wakatoliki bado wanabaguliwa katika Uskoti. Maneno yalizusha ubishi mkubwa. Wengine walimulaumu kwamba anazidisha. Veni, Veni, Emmanuel ya 1992, aliyoandikia Evelyn Glennie, mpiga ngoma asiyesikia vizuri kwa masikio, inatoka kwenye wimbo wa Majilio na imepigwa mara mamia duniani. Anayetaka kumufahamu aanzie hapo, ni rahisi kuingia.

Pamoja na sifa hiyo, kwa miaka kadhaa aliongoza kwaya ya parokia moja ya Glasgow, watu wa kawaida, akiwatungia nyimbo ambazo waumini wanaweza kuitikia. Papa Benedikto wa 16 alipofika Uingereza mwaka wa 2010, misa ya MacMillan ndiyo iliimbwa. Septemba 2022, katika mazishi ya Malkia Elizabeth, kwaya iliimba wimbo wake mpya wenye maneno ya Warumi 8.

Migodi ya Cumnock ilifungwa na kazi zikapotea. Mwaka wa 2014 MacMillan alianzisha pale tamasha la muziki, The Cumnock Tryst, na wenyeji wana kwaya yao ndani yake.