Homa ya ini inaposhambulia mishipa ya damu

Kuvimba kwa mishipa ya damu ni hali ambapo kuta za mishipa hiyo hushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Njia ya damu huwa nyembamba au kuziba, na viungo vinavyoitegemea huanza kuharibika. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Wapo, hata hivyo, wagonjwa ambao chanzo chao ni maambukizi, na kwao matibabu hubadilika kabisa.

Kaswende isiyotibiwa huweza kuharibu mshipa mkuu utokao moyoni, miaka 10 hadi 30 baada ya mtu kuambukizwa. Virusi vya tetekuwanga navyo huweza kuvimbisha mishipa ya ubongo na kumsababishia kiharusi hata mtoto mdogo. Lakini mfano ulio wazi zaidi ni ule wa homa ya ini aina ya B.

Ugonjwa wa vifundo

Mwaka 1866 madaktari wa Kijerumani Adolf Kussmaul na Rudolf Maier walieleza habari za fundi cherehani kijana aliyefariki dunia baada ya kulegea misuli, kuumwa tumbo na kuharibika figo. Mwili wake ulipopasuliwa, mishipa ilikutwa na vifundo vidogo vidogo. Ugonjwa huo sasa huitwa poliateraitisi nodosa. Ni mwaka 1970 tu ndipo watafiti walipobaini kwamba baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Virusi hivyo haviutafuni mshipa. Vipande vyake hushikamana na kingamwili, na mafungu hayo hunasa kwenye kuta za mishipa ya ukubwa wa kati. Chembe nyeupe za damu huyafuata huko, na katika kuyashambulia huujeruhi mshipa wenyewe.

Mgonjwa hupata homa, hukonda, huumwa tumbo hasa baada ya kula, shinikizo la damu hupanda, na wakati mwingine kifundo cha mguu hulegea ghafla. Wanaume wengine huumwa korodani, jambo liwezalo kupotosha, kwa kuwa katika Kiswahili "mshipa" ni jina la ngiri pia. Macho si lazima yawe ya manjano.

Dawa na hatari yake

Dawa za steroidi hutuliza uvimbe, lakini zikitumiwa peke yake kwa muda mrefu huvipa virusi nafasi ya kuzaliana. Kwa hiyo hutolewa kwa majuma machache tu, pamoja na dawa za kupambana na virusi kama vile tenofovir au entecavir. Aliyezidiwa huweza pia kubadilishiwa maji ya damu. Ndiyo sababu kipimo cha homa ya ini hakipaswi kusubiri. Virusi vikidhibitiwa, ni nadra ugonjwa kurudi.

Nchini Ufaransa, wagonjwa waliotokana na virusi hivi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wote wa poliateraitisi nodosa. Idadi hiyo ilishuka hadi chini ya asilimia 5 baada ya chanjo kuenea na damu ya kuongezewa kupimwa. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001, na Uganda mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakufikiwa na mipango hiyo. Popote waishipo sasa, wanaweza kupimwa damu, na wakikutwa hawana virusi wala kinga, wakachanjwa.