Historia ya Macho Yasiyoona Vizuri: Kutoka Miwani Mpaka Leza

*Somo la Historia kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa redioni. Kiongozi wa darasa ayasome tena polepole, kisha wanafunzi wajadiliane maswali yaliyo mwishoni.*

Wekeni daftari tayari, na aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo ili wa nyuma wasikie.

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Kila kitu kina historia yake: jembe, chumvi, hata kitufe cha shati. Leo tutazungumza juu ya historia ya kitu kidogo sana ulichonacho wewe mwenyewe. Ni kioo cha mbele ya jicho lako. Wataalamu hukiita konea. Upana wake ni sentimeta moja na kidogo tu, na unene wake katikati ni kama nusu ya milimeta. Lakini kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, madaktari wa nchi nyingi wamejaribu kukibadili umbo kioo hicho, ili mtu aone vizuri bila miwani.

Kwa nini tujifunze habari hii? Kwa sababu siku hizi watu huulizana: je, niendelee kuvaa miwani, au nikafanyiwe upasuaji wa leza? Upasuaji huo sasa hufanywa hata Nairobi, na huenda mwanao au wewe mwenyewe ukaambiwa habari zake. Mimi ni ofisa wa elimu, si daktari, wala sitakuamulia. Lakini mtu ajuaye walikopita wenzake huamua vizuri zaidi kuliko asiyejua.

1. Jicho hufanyaje kazi?

Kwanza yafaa tujue jicho lenyewe. Mwanga huingia kwa mbele, hupindwa na konea na lenzi iliyo ndani, kisha hukusanyika kwenye pazia lililo nyuma ya jicho. Hapo ndipo picha inapopatikana. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka sana, picha hukusanyika kabla ya kufika kwenye pazia. Mtu huyo huona kitabu mkononi, lakini hamtambui mtu aliye ng'ambo ya barabara. Jicho likiwa fupi, mambo huwa kinyume chake. Na konea isipokuwa mviringo sawasawa, ikawa imepinda kama ubavu wa yai, herufi huonekana zimevutwa upande mmoja.

Iko hali ya nne, nayo ni ya umri. Mtu afikapo miaka arobaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu, nayo haiwezi tena kujirekebisha kutazama vitu vya karibu. Ndiyo maana wazee hushika gazeti mbali kwa kunyosha mkono. Kumbukeni hali hii ya nne, maana tutairudia.

2. Zama za miwani

Karibu miaka elfu moja iliyopita alikuwako mtaalamu mkubwa jina lake Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi yake Misri. Aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Alieleza ya kuwa sisi huona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Wengi wa kabla yake walidhani jicho ndilo litoalo miali yake kwenda kutafuta vitu. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi.

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia, karibu na mwaka 1286. Ilikuwa ya kusaidia watu wazima waliokuwa hawaoni tena maandishi ya karibu. Miwani ya kuonea mbali ilikuja baadaye. Mwaka 1604 Mjerumani Johannes Kepler alieleza kwa hesabu jinsi lenzi inavyosogeza picha mpaka ikaangukia mahali pake. Miwani ya kunyosha upotovu wa konea iliyopinda ilitokea Uingereza katika karne ya 19.

Angalieni jambo moja juu ya miwani. Ikikosewa, huivua ukaenda kupimwa upya. Jicho lako halikuguswa. Wekeni neno hilo akilini, maana ndilo linalotenganisha miwani na kisu.

3. Zama za kisu

Mwaka 1898 Mholanzi jina lake Lans alifanya majaribio kwa sungura, akaona ya kuwa konea ikikatwa hubadili umbo. Lakini aliyeanza kuwafanyia watu kwa wingi ni Tsutomu Sato, daktari wa Japani. Katika miaka ya 1940 na 1950 aliwakata watu konea, mbele na nyuma yake, ili ilale kidogo na mtu aone mbali. Mwanzoni matokeo yalipendeza, na wengi wakaacha miwani.

Lakini nyuma ya konea pana tabaka jembamba la chembe hai. Kazi yake ni kutoa maji ndani ya konea ili ibaki safi kama kioo. Chembe hizo zikifa, kwa mwanadamu hazioti tena za kutosha kujaza pengo. Wakati ule kazi yake ilikuwa bado haijafahamika vizuri. Visu vya Sato viliziharibu. Miaka ikapita, kumi, ishirini, na konea za watu wale zikaanza kuvimba na kuingia ukungu. Watu waliofika kwa daktari wakiwa na shida ndogo ya kuona mbali, shida ambayo miwani ingaliitosha, walipoteza nuru ya macho.

Basi, wanafunzi, hilo ni funzo la kwanza. Upasuaji wa macho hauhukumiwi kwa asubuhi ya pili yake. Huhukumiwa kwa miaka.

Daktari mwingine alishika njia tofauti. José Ignacio Barraquer, mzaliwa wa Barcelona, alihamia Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Mwaka 1949 alitangaza fikira yake. Alikata kipande chembamba cha juu ya konea, akakigandisha kwa baridi kali, akakichonga kwa mashine ya kukereza kama fundi akerezavyo mguu wa meza, kisha akakirudisha jichoni. Kazi hiyo ilikuwa ngumu mno, na madaktari wachache tu waliiweza. Lakini fikira yenyewe ilidumu: usikate ovyo, bali chonga.

Katika miaka ya 1970, huko Moscow, Svyatoslav Fyodorov alirudia fikira ya kukata, lakini kwa mbele tu, bila kugusa lile tabaka la nyuma. Alikata mistari iliyoenea kutoka katikati kama spoku za gurudumu la baiskeli. Kando za konea zikalegea, na katikati ikalala. Alipanga kazi yake kama kiwanda: wagonjwa walisogezwa kwa mashine kutoka daktari hadi daktari, kila mmoja akifanya sehemu yake. Watu walitoka nchi nyingi kwenda kwake, na madaktari wa Marekani wakaja kujifunza.

Marekani waliamua kuwafuata wagonjwa wao kwa miaka kumi na kuandika yote. Habari hizo zilitolewa mwaka 1994. Wengi waliona mbali bila miwani. Lakini katika macho 43 kwa kila 100, konea ilikuwa imeendelea kulala kidogo kidogo kupita ilivyokusudiwa, na macho hayo yakawa yanaelekea upande wa kutoona karibu. Mikato ile haikurudia nguvu ya konea nzima.

Mwaka 1996 dunia iliona mfano wake. Daktari mmoja wa Marekani, Beck Weathers, aliyekuwa amefanyiwa mikato hiyo, alipanda mlima Everest. Huko juu hewa ni haba, na konea zenye mikato hubadilika umbo. Macho yake yakafifia njiani, akalazimika kungoja wenzake, na dhoruba ikamkuta. Alinusurika, lakini baridi ilimpokonya mkono wa kulia, vidole vya mkono wa kushoto na pua.

4. Zama za leza

Leza ni chombo kitoacho mwanga wa namna moja, uliokusanywa pamoja ukawa na nguvu. Ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman.

Ziko leza za namna nyingi. Ile iliyobadili historia yetu hutoa miali isiyoonekana kwa macho, nayo huitwa eksima. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM, jimbo la New York, mtaalamu mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alileta kazini mabaki ya nyama ya bata mzinga yaliyosalia nyumbani baada ya sikukuu. Aliyapiga kwa leza hiyo. Mwali ule ulikata safi, na nyama ya pembeni haikuungua. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walichonga hata unywele mmoja wa mtu ukakatwa vijidaraja kama ngazi.

Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel, akishirikiana na Srinivasan, alionyesha kwa macho ya ng'ombe ya kuwa leza hiyo yaweza kuchonga konea. Sasa ile fikira ya Barraquer ilipata chombo chake. Pigo moja la leza huondoa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimeta. Hakuna mkono wa mtu uwezao kazi hiyo.

Kwanza madaktari walikwangua ngozi ya juu ya konea, kisha wakachonga. Karibu na mwaka 1990, Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete aliunganisha mambo mawili: kufunua kifuniko chembamba cha konea kama jalada la kitabu, kuchonga chini yake kwa leza, na kukirudisha mahali pake. Njia hiyo hujulikana kwa jina la LASIK. Serikali ya Marekani iliruhusu leza ya kunyosha macho itumiwe kwa umma mwaka 1995, na tangu hapo mamilioni ya watu duniani wamefanyiwa.

Je, matokeo ni mema? Kwa wengi, naam. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha ya kuwa zaidi ya watu 95 kwa kila 100 waliridhika na uoni wao. Lakini uchunguzi uo huo uliuliza swali ambalo wengi hawakuwa wakiliuliza: unaona nini usichokiona zamani? Baada ya miezi mitatu, karibu nusu ya wale waliokuwa hawana shida hizo kabla walikuwa na walau shida moja mpya, hasa kuona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Na 28 kwa kila 100 ya waliokuwa hawana ukavu wa macho walianza kuuona. Wachache sana, chini ya mmoja kwa 100, walizuiwa na shida hizo wasifanye kazi zao za kila siku.

5. Uamuzi ni wako

Tuseme kijana wa miaka 25, dereva wa basi, amechoka na miwani. Afanye nini? Historia tuliyoisoma yampa maswali ya kuuliza, wala asione haya kuuliza.

Kwanza: je, macho yangu yametulia? Kama namba ya miwani bado hubadilika kila mwaka, kuchonga leo ni kujenga nyumba juu ya mchanga. Kwa sababu hiyo hawafanyiwi walio chini ya miaka 18, na mama mjamzito au anyonyeshaye huambiwa angoje.

Pili: je, konea yangu ina unene wa kutosha na umbo jema? Uko ugonjwa ambao konea hujichongoa yenyewe kama pia. Mwenye ugonjwa huo akichongwa huharibikiwa zaidi. Kwa hiyo hapana budi konea ipimwe kwa mashine kabla ya kitu chochote. Mahali wasipopima, ondoka.

Tatu: je, macho yangu ni makavu tayari? Na kazi yangu ni ya usiku? Kwa dereva wetu, duara za mwanga kuzunguka taa za magari si jambo dogo.

Nne: je, nikipata shida baadaye, nani atanitazama, na wapi? Konea iliyochongwa hairudi. Miwani huvuliwa.

Tano, na hapa turudi kwenye ile hali ya nne: je, shida yangu ni ya umri? Leza haizuii uzee wa lenzi. Kijana aliyechongwa akiwa na miaka 25, akifika arobaini na kitu atahitaji miwani ya kusomea kama sisi wote.

Nami nataka kusema neno hapa na wewe mwanafunzi mwenye umri, uliye mbele ya ubao jioni hii. Huenda herufi zinacheza, nawe umejiambia, "Mimi ni mzee, kichwa changu hakishiki tena." Huenda kichwa chako hakina neno, ni lenzi tu iliyokuwa ngumu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 ya kuwa watu wasiopungua milioni 826 walikuwa na shida hiyo bila miwani ya kuisaidia. Wewe huhitaji leza. Nenda ukapimwe macho, upate miwani ya kusomea, kisha urudi darasani.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Watu wa Sato hawakuwa na wa kumwuliza, maana majibu yalikuwa bado hayajajulikana. Sisi tunaye wa kumwuliza. Basi tuulize kwanza, ndipo tuamue. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini upasuaji wa Sato ulionekana mwema mwanzoni, na baadaye ukaleta hasara?
2. Fikira ya Barraquer na kazi ya leza zinafanana kwa jambo gani?
3. Miwani na upasuaji vinatofautiana vipi endapo kosa limetokea?
4. Mngemshauri nini yule dereva wa basi? Toeni sababu.
5. Ni wangapi darasani wanaoshika kitabu mbali ili wakisome? Pangeni siku ya kwenda kupimwa pamoja.