LSU Tigers, msimu wa 2019

LSU Tigers ni timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, mjini Baton Rouge. Mwaka 2019, chini ya kocha Ed Orgeron, ilicheza mechi 15 na kushinda zote.

Nguzo ya timu alikuwa Joe Burrow, mrushaji mkuu wa mpira aliyehamia kutoka chuo kikuu cha Ohio State. Msimu huo alirusha pasi 60 za kufunga, akatwaa Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Kilichompambanua zaidi ni utulivu. Ugenini dhidi ya Texas, dakika za mwisho, LSU ilihitaji yadi 17 katika jaribio la tatu kati ya manne ili iendelee kushambulia. Burrow alisogea kando kuwakwepa mabeki, akampasia mpokeaji Justin Jefferson, naye akakimbia hadi mwisho wa uwanja. LSU ilishinda 45–38.

Novemba LSU iliifunga Alabama 46–41, baada ya kufungwa nayo mara nane mfululizo. Nusu fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo dhidi ya Oklahoma haikuwa na ushindani: 63–28, huku Burrow akitoa pasi saba za kufunga kabla ya mapumziko.

Fainali ilichezwa New Orleans, Januari 13, 2020. Clemson ilitangulia 17–7, lakini LSU ikashinda 42–25. Burrow alichaguliwa wa kwanza kuingia ligi ya kulipwa, NFL, na msimu uliofuata LSU ilishinda mechi tano tu kati ya kumi.