Jamaa wa Mnazi Ukingoni mwa Ziwa Erie



Leo naleta mada ya miti, na naomba msicheke kabla sijamaliza. Naishi Lower West Side, mjini Buffalo, pale jimbo la New York linapokutana na Ziwa Erie. Kila mwaka ikifika mwisho wa Novemba mimi huonekana uani nikifunga magunia kwenye mti ambao haujanifika kiunoni. Wapita njia huuliza ni nini. Wazungu nikiwajibu husema "aha" na kuendelea na safari zao. Waswahili wenzangu nikiwaambia kwamba huyu ni jamaa wa mnazi, hucheka mpaka basi. Mtaa wetu una Wakongomani, Warundi, na Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao bado wanasema Kizigua walichotoka nacho babu zao Tanga karne ya 19. Mzee mmoja kutoka Uvira aliwahi kuniambia: "Mwalimu, sisi wenyewe tunajifunika blanketi tatu, na wewe unataka mti uvumilie?"

Nilicheka naye, lakini lile swali halikuniacha. Hivi hii miti ilifikaje kwenye baridi? Nani aliileta, na kwa faida gani? Nimeona nijaribu kulijibu hapa jamvini, maana wengi wetu tunakaa kwenye baridi kama hii.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapotupa mtihani. Hatuna jina moja la ukoo mzima wa miti hii. Tuna mnazi, mtende, mchikichi, mvumo, mkoma, mkindu, mwale, mpopoo, na Wapemba wana mpapindi wao wa msitu wa Ngezi. Waliotafsiri Biblia walitumia "mtende" kwa sababu huko Palestina ilikuwa mitende kweli. Mabwana shamba husema "jamii ya mnazi". Mimi sioni kwamba huu ni upungufu wa lugha. Watu wa pwani walimwita kila mmoja kwa jina lake kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi yake: huyu wa tui na makuti, yule wa mikeka, yule wa mafuta, yule wa tembo. Anayehitaji neno moja kwa yote ni yule anayeitazama tu. Naomba mlikumbuke jambo hili, nitalirudia.

Pili, tusijidanganye kwamba mnazi ni mwenyeji wa kwetu tangu dunia kuumbwa. Mnazi ni mhamiaji kama sisi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina matawi mawili makubwa, moja la Pasifiki na jingine la Bahari ya Hindi, na kwamba minazi ya Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki ina mchanganyiko wa yote mawili. Mchanganyiko huo unaafikiana na safari za wale mabaharia wa asili ya visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki walioifikia Madagaska. Ndugu zetu wa Omani nao wanajua kwamba nchi yao ni ya mitende, ila Dhofar, kule Salalah, mvua za kharifu na joto la bahari zinauruhusu mnazi kuota. Ibn Battuta alipopita huko karne ya 14 aliikuta minazi na kuieleza kwa urefu. Kwa hiyo mnazi umekuwa ukisafirishwa na watu kwa karne nyingi, na umekaa pale hewa ilipoukubali. Tuliuita wetu kwa sababu tuliutunza na kuutumia, si kwa sababu ulitutangulia.

Sasa kwa nini hauwezi kukaa Buffalo? Mwembe ukikatwa juu, unaweza kuchipua ubavuni. Mnazi una kilele kimoja tu, na ndani yake ndimo moyo wa mti ulimo. Makuti yote yanatoka humo. Maji ya ndani ya moyo huo yakiganda, mti umekwisha hata kama shina linaonekana zima. Wakulima wa miti hii kwenye baridi wana kipimo chao: mwezi wa Aprili wanalishika kuti changa la katikati na kulivuta polepole. Likishikilia, kuna matumaini. Likichomoka mkononi huku chini yake limeoza na kunuka, poleni. Mnazi wenyewe hauvumilii hata baridi ya kuganda ya usiku mmoja au miwili. Lakini ukoo ni mkubwa, na ndani yake wamo ndugu waliozoea shida.

Maarufu kuliko wote anatoka China, nao wataalamu wanamwita Trachycarpus fortunei. Shina lake limevikwa nyuzi za kahawia, mtu wa Pemba akiliona atasema ni kilifu. Daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold aliuleta Ulaya kutoka Japani mwaka 1830. Jina la "fortunei" limetokana na Mskoti Robert Fortune, ndiye yule aliyechukua miche ya chai ya China kwa siri na kuipeleka India kwa niaba ya Kampuni ya India Mashariki. Mwaka 1849 alipeleka miche ya mti huu kwenye bustani ya Kew, London, na kwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Mti uliokomaa hustahimili nyuzi kama 15 chini ya sifuri, basi ukaenea Uingereza kusini, na huko Ticino, Uswisi, siku hizi unajiotea wenyewe msituni.

Hapa naomba msimame kidogo nami. Kule China mti huu ulikuwa wa kazi. Nyuzi zake zilisokotwa kamba, zikatengenezwa mafagio, zikashonwa makoti ya mvua ya wakulima. Fortune mwenyewe aliyaona makoti hayo na kuyaandika. Ulikuwa kwao kama mnazi ulivyo kwetu. Ulipovuka bahari, ile kazi yote ilibaki nyuma. Ulaya ulikuwa pambo la bustani za wakubwa, mti wa kumwonyesha mgeni kwamba mwenye nyumba ana mkono mrefu.

Wale wasiovumilia baridi hata kidogo walijengewa nyumba za vioo. Kew walijenga yao kati ya 1844 na 1848, vyuma na vioo vitupu, na chini yake matanuri ya kuchemsha maji. Marekani ikaiga. Columbus, Ohio, walifungua ya kwao mwaka 1895, ile ya Franklin Park, nayo ipo mpaka leo. Sisi Buffalo tuna ya South Park, iliyojengwa na kampuni ya Lord & Burnham na kufunguliwa mwaka 1900, ndani ya bustani iliyopangwa na Frederick Law Olmsted na wenzake. Nimeingia humo mwezi wa Februari. Miwani inaziba mvuke, pua inapata harufu ya udongo mbichi, na mtu unaweza kulia bure.

Lakini mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa, mji huu ulifanya Maonyesho makubwa ya Pan-American, yale ya 1901 ambapo Rais McKinley alipigwa risasi. Kwenye uwanja wa burudani kulikuwa na kijiji kilichoitwa "Afrika ya Giza Nene", na ndani yake Waafrika wazima waliowekwa wakae, wacheze na kutazamwa kwa kiingilio. Wamarekani weusi wa Buffalo, mstari wa mbele akiwa Mary Talbert, walikuwa wameshalalamika tangu 1900 kwamba maonyesho yamesahau maendeleo ya watu weusi wa nchi hii, na mwishowe yakaletwa maonyesho yaliyokuwa yameandaliwa kwa ajili ya Paris, ambayo W. E. B. Du Bois alishiriki kuyatayarisha. Sisemi kwamba mti ndani ya kioo na mtu nyuma ya uzio ni jambo moja. Nasema mji ni ule ule na miaka ni ile ile, na macho yaliyokuja kutazama hayakuuliza huu mti unafanya kazi gani, wala huyu mtu anajua nini.

Haya, turudi nje ya kioo. Jambo lililonishangaza ni kwamba ndugu mvumilivu kuliko wote katika ukoo huu anatoka Marekani yenyewe. Anaota chini ya miti mikubwa kwenye majimaji ya Georgia, Alabama, Florida na majirani zao. Jina lake la kitaalamu ni Rhapidophyllum hystrix. "Hystrix" kwa Kigiriki ni nungu, kwa sababu kitako chake kimejaa miiba mirefu kama ya nungunungu. Mimi namwita mnungu, mwenye jina bora alilete. Hana shina la kupanda juu, anakaa chini kama kichaka, na moyo wake umejificha katikati ya miiba na nyuzi. Akishashika mizizi, anaweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Yuko na binamu yake Sabal minor, ambaye kwa asili anafika mpaka North Carolina na Oklahoma.

Msidhani baridi inafuata ramani tu. Louisville, Kentucky, iko kusini mbali na sisi, lakini rekodi yake ya baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, tarehe 19 Januari 1994. Columbus siku ile ile ilifikia kiwango hicho hicho. Buffalo, mji unaotajwa kwa theluji dunia nzima, rekodi yake ni kama nyuzi 29, mwaka 1934 na tena 1961. Sababu ni ziwa. Maji hayapoi haraka kama nchi kavu, basi yanatupunguzia makali, ingawa yanatulipisha kwa theluji. Ziwa likiganda, ule msaada unapungua. Mwisho wa 1976 liliganda mapema, na Januari 1977 upepo ukaipeperusha theluji iliyolala juu ya barafu na kuufunika mji. Desemba 2022 tuliona nyingine iliyoua zaidi ya watu 40 katika wilaya yetu, na nani asiyekumbuka usiku ule bila umeme? Ni kweli pia kwamba ramani ya serikali ya mwaka 2023 inayoonyesha mimea gani ivumilie wapi iliisogeza karibu nusu ya nchi kwenye nusu-kanda ya joto zaidi. Lakini ramani hiyo ni wastani wa miaka 30. Mti hauuawi na wastani, unauawa na usiku mmoja.

Hapa Lower West Side hatukuwa wa kwanza kuhangaika hivi. Kabla ya Wapuerto Rico, waliofuatiwa na sisi, mitaa hii ilikuwa ya Waitaliano, wengi wao kutoka Sicily. Wao walileta mtini. Katika miji ya kaskazini walikuwa wakiukata mizizi upande mmoja kila vuli, wakaulaza ndani ya handaki, wakaufunika mbao, majani na udongo, na kuufufua baada ya Pasaka. Mnungu haulazwi, lakini somo ni lile lile: usipiganie majani, linda moyo na mizizi. Panda mwezi wa Mei ili mti upate msimu mzima wa kushika, uweke kwenye ukuta unaotazama kusini, rundika majani makavu kitakoni, na juu funika maji yasiingie kwenye kilele, kwa maana unyevu unaua zaidi ya baridi. Usifunge nailoni ikagusa majani. Mimi nililijua hilo baada ya kupoteza mti wangu wa kwanza, niliouziwa na duka fulani kwa maneno matamu kwamba "unavumilia kila kitu".

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda. Kuna mama mmoja hapa mtaani aliyeishi Kakuma miaka mingi, na huko alijifunza kusuka kwa majani ya mkoma. Hapa Buffalo anasuka kwa utepe wa plastiki wa kufungia maboksi. Mwaka jana nilikata majani manne ya mnungu nikampelekea. Aliyaanika, akayaloweka, akayachana kwa sindano, na baada ya siku chache akaniletea kipande cha ukili chenye upana wa vidole vinne, hakifiki dhiraa. Akasema, "Hili gumu kuliko mkoma, lakini linakubali." Binti yake, aliyezaliwa hapa, alikuwa amekaa pembeni akatuuliza "ukili" ni nini.

Sijidanganyi. Mnungu hutoa majani machache kwa mwaka, hauwezi kulisha ufundi wa mtaa mzima, na usiku mmoja kama ule wa 1934 unaweza kuondoka na wangu. Lakini kwa zaidi ya miaka 170 miti hii imeletwa kwenye baridi ikiacha kazi zake nyuma. Mtaani kwetu wapo watu waliokuja na ile kazi bila mti. Wakiondoka wazee hawa, tutabaki na miti ya kutazama tu, na neno moja la kuiita yote.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila mmoja pale alipo, Columbus, Louisville, Toronto, London, amkalie mama au bibi mmoja anayejua kusuka, aandike maneno yake: kuchana, kuloweka, ukili, mshono wa mkeka, majina ya mishono, na majani aliyotumia. Wenye kupanda wapande. Wenye kusahihisha majina ya miti wanisahihishe, sitakasirika.

Naomba kuwasilisha.